Mwendokasi wa Dar es Salaam: pesa zimelipa wapi, zimekwama wapi

Anayetoka Mbagala Rangi Tatu kwenda mjini asubuhi anaijua Kilwa Road kwa kuitazama dirishani. Kwa muda mrefu alichokiona ni hiki: katikati ya barabara, njia mbili za zege, safi, zimenyooka kuelekea Kariakoo, na juu yake hakuna basi hata moja. Vituo vimeezekwa na vivuko vimechorwa. Yeye yuko pembeni, ndani ya daladala iliyokwama kwenye foleni, amesimama kwa mguu mmoja na kwapa la mtu liko usoni pake, anatazama barabara tupu iliyojengwa kwa ajili yake.

Ujenzi wa njia hiyo, ambayo ni awamu ya pili ya mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi, kilomita 20.3, ulianza 2019 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mabasi yalianza kubeba abiria Oktoba 2025. Katikati hapo kuna kipindi ambacho zege lilikuwa tayari, na deni lilikuwa deni, lakini abiria bado alikuwa anapanda daladala. Nimeanza na Mbagala kwa makusudi, kwa sababu swali la kama inafaa kuwekeza kwenye mwendokasi huulizwa kana kwamba ni swali la barabara. Kisa cha Dar es Salaam kinaonyesha kwamba barabara ndiyo sehemu iliyokwenda vizuri.

Turudi nyuma kidogo. Wazo la mradi huu lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika Halmashauri ya Jiji, enzi za Meya Kleist Sykes. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ukaanzishwa 2007. Kampuni ya Strabag ilianza kujenga awamu ya kwanza 2012, sehemu kubwa ya fedha ikiwa mkopo wa Benki ya Dunia. Tarehe 10 Mei 2016 mabasi yakaanza kazi, na Januari 2017 Rais Magufuli akauzindua mradi rasmi. Njia yenyewe ni takriban kilomita 21: kutoka Kimara kufuata Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, na matawi mawili, moja la kwenda eneo la Morocco, Kinondoni, na jingine la Gerezani, Kariakoo. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na nasema bila kusita kwamba lilistahili.

Lilistahili kwa sababu kabla ya hapo safari ya Kimara hadi Kivukoni ingeweza kula saa mbili na zaidi. Mwendokasi uliishusha hadi dakika kama 45. Hebu tumchukue dada mmoja wa kufikirika, anakaa Kimara Korogwe na anauza duka la vitenge Kariakoo. Zamani akitaka kufungua duka saa moja asubuhi, alitakiwa awe barabarani kabla ya saa kumi na moja alfajiri, mtoto akiwa bado amelala, chai hajanywa. Punguza saa moja na robo kwenda na saa moja na robo kurudi: ni saa mbili na nusu kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni zaidi ya saa 60 kwa mwezi. Hizo ni saa za usingizi, za kumwandaa mtoto shule, za kuchemsha maharage ya jioni bila kukimbizana na giza. Hakuna mhasibu wa kampuni ya mabasi anayeziandika kwenye daftari lake, lakini ndizo faida kubwa kuliko zote zilizotoka kwenye mradi huu.

Aliyewahi kupanda basi la moja kwa moja siku ambayo mambo yamekwenda sawa anajua ninachokisema. Basi refu la mita 18, lile lenye mpira wa kukunjika katikati, linaingia kituoni na sakafu yake inalingana na sakafu ya kituo. Milango inafunguka upande wa kulia, maana vituo viko katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni anaingia bila kupanda ngazi, mzee mwenye fimbo anavuka ule ufa mdogo kwa hatua moja, milango inafungwa, basi limeondoka. Shekilango, Urafiki, Manzese, vyote vinapita dirishani, na pembeni magari yamesimama yakiwaka taa nyekundu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo pesa inapolipa au inapokwama.

Njia maalumu haiongezi tu mwendo wa abiria. Inapunguza idadi ya mabasi unayohitaji kununua. Chukua mfano wa njia yenye urefu wa kilomita 16, ambayo ni karibu na umbali wa Kimara hadi Kivukoni. Kwenda na kurudi ni kilomita 32. Kwenye njia yake, basi likitembea wastani wa kilomita 24 kwa saa, litamaliza mzunguko kwa dakika 80, ukiongeza dakika 10 za kugeuza ni 90. Ukitaka basi lipite kila dakika tatu, unahitaji mabasi 30. Lirudishe basi hilohilo kwenye foleni, litembee kilomita 12 kwa saa: mzunguko unakuwa dakika 170, na ili lipite kila dakika tatu unahitaji mabasi 57. Madereva wanakaribia kuwa mara mbili, matairi mara mbili, ila abiria ni walewale. Zege linalipa hapo, kwa kulifanya basi moja lifanye kazi ya mabasi mawili.

Lakini fanya hesabu hiyo upande wa pili. Tuseme kati ya mabasi yale 30, mabasi 12 yamelala karakana yanasubiri vipuri. Yamebaki 18, na basi sasa linapita kila dakika tano. Mtu aliye ofisini ataona tofauti ya dakika mbili, ataona si neno. Nenda kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Kama abiria wanaingia kwa kasi ya 40 kwa dakika, kwa dakika tatu ni watu 120, na basi la watu 150 linawabeba wote na nafasi inabaki. Kwa dakika tano ni watu 200. Basi linaondoka na 150, limeacha 50. Linalofuata linakuta 250, linaacha 100. Baada ya saa moja watu 600 wamebaki kituoni, jasho linawatiririka, na kila basi linaloingia linapokewa kwa viwiko na wengine kupitia madirishani. Umeondoa mabasi mawili kati ya kila matano, na huduma yote imevunjika. Yule dada wa Korogwe akisubiri dakika 50 ndipo apande, na safari yenyewe ni kama 40, amerudi kwenye saa moja na nusu. Sehemu kubwa ya saa alizookolewa na zege imeliwa kituoni.

Hizi ni namba zangu za mfano, lakini umbo lake ndilo umbo la kilichotokea. Awamu ya kwanza ilipangiwa mabasi 305. Ilianza na 140, yaani chini ya nusu. Huduma ya 2016 iliitwa ya mpito, na mpito huo ukageuka kuwa hali ya kawaida. Mabasi mengine 70 yaliyoagizwa baadaye yalikaa bandarini muda mrefu kwa mvutano wa kodi. Wakati huohuo jiji halikusubiri: sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi, na wapo waliokwenda kujenga huko nje, Mbezi na Kibamba, ambako njia ya kuingia mjini ni hiyohiyo ya Kimara. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani nacho kikahama Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021. Mahitaji yakapanda huku mabasi yakizeeka.

Kisha kuna Jangwani. Karakana kuu ya mabasi ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo hata mtoto wa Magomeni angekuambia maji yatakuja. Masika ya 2018 yalikuja, mabasi yaliyoegeshwa yakazama na kuharibika, na mara kwa mara tangu hapo mvua ikizidi barabara hufungwa na mji hukatika vipande viwili. Kosa hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu halikuhitaji pesa kuliepuka. Basi ndicho kifaa kilichokuwa haba kuliko vyote katika mradi, na ndicho kilicholazwa kwenye njia ya maji. Sasa kuna mradi wa bonde zima la Msimbazi, wa dola milioni 260, wenye daraja jipya la Jangwani ndani yake. Ni kazi nzuri na ya lazima. Ila mwekezaji anayepiga hesabu ya gharama za awamu ya kwanza asisahau kwamba sehemu ya gharama hiyo inalipwa sasa hivi, chini ya jina la mradi mwingine.

Kwa nini mabasi yalikosekana? Jibu rahisi ni uzembe, na watu wameshafukuzwa kazi kwa sababu hiyo. Mimi naona kuna jambo lililo chini zaidi, nalo ni nani alipewa kulipa nini.

Barabara ililipiwa na serikali kwa mkopo wa masharti nafuu, marejesho ya miaka mingi. Basi liliachiwa mtoa huduma, anunue kwa mtaji wake na ajirudishie kwa nauli. Nauli lakini haipangi yeye. Ilianza 650 kwa njia kuu, ikaja kupanda hadi 750, na mwanafunzi alianza na 200. Mapato yanaingia kwa shilingi. Basi, giaboksi, na kompyuta ya mlango vinanunuliwa kwa dola. Mwaka 2016 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,200. Miaka minane baadaye ilikuwa imevuka 2,600. Kwa hiyo nauli ya 650, ambayo ilikuwa karibu senti 30 za dola siku ya kwanza, ingekuwa na thamani ya senti 25 tu. Hata kupanda hadi 750, kama senti 29, hakukuliziba shimo hilo lote, sembuse kuacha chenji kwa ajili ya basi lililozeeka.

Na ona jinsi ubovu unavyojilisha. Basi likifanya mizunguko minane kwa siku, kila mzunguko likilipisha abiria 200 kwa shilingi 750, linaleta 1,200,000. Likiharibika mchana likafanya mizunguko mitano, linaleta 750,000, lakini mkopo wa basi haujapungua na dereva anadai mshahara wake wote. Pesa ya vipuri inakosekana, basi la pili linaanza kutembea na breki zinazolia, na mwezi unaofuata mabasi mawili yamelala badala ya moja. Mwenye daladala anaujua mtego huu tangu zamani. Ndiyo maana dereva wake hukimbizana na hesabu ya bosi hadi usiku.

Jiji hili lina kumbukumbu ya jambo hilihili. UDA, shirika la usafiri lililoundwa 1974, lilianza kwa matumaini makubwa, nauli ikiwa ya chini kwa amri na vipuri vikihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Mabasi yakafa moja baada ya jingine. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kificho, kwa shilingi tano, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala, na mwaka 1983 serikali ikayaruhusu. Daladala zilizaliwa pale ambapo basi la umma lilikosa spea. Miaka 33 baadaye tukaziondoa daladala Barabara ya Morogoro ili kupisha basi la umma, bila kuwa tumelijibu swali la spea. Vyama vya wenye daladala, UWADAR na DARCOBOA, viliingizwa pamoja na UDA katika kuunda UDA-RT, kampuni iliyopewa kuendesha mabasi, na hilo lilikuwa wazo zuri. Lakini abiria wa Kimara akabaki na mlango mmoja tu. Mwendokasi ulipokwama, pa kukimbilia palikuwa pachache, bodaboda ikiwemo.

Hasira zilifika mwisho mwanzoni mwa Oktoba 2025, abiria wa njia ya Kimara walipoanza kuyapiga mabasi mawe. Hatua iliyochukuliwa inaeleza ugonjwa kuliko ripoti yoyote: mabasi mapya ya gesi, yaliyoletwa na kampuni ya Mofat kwa ajili ya Mbagala, yakagawanywa ili kuiokoa Kimara. Mgonjwa mmoja akaongezewa damu ya mwingine. Mwisho wa mwezi huohuo, katika vurugu za uchaguzi, vituo vikachomwa moto na huduma ikasimama. Hilo la pili ni la kisiasa na lina uzito wake mwenyewe, silichanganyi na hesabu ya vipuri, ila gharama ya kukarabati imeongezeka juu ya deni lilelile.

Je, uwekezaji huu unafaa? Inategemea anayeuliza ni nani.

Akiuliza jiji, jibu langu ni ndiyo, hata kwa huduma iliyochechemea. Mabasi 140 yalifika mahali pa kubeba watu zaidi ya 150,000 kwa siku. Jaribu kuwaweka watu hao kwenye daladala za viti 30 juu ya barabara ileile ya Morogoro uone hiyo foleni. Treni ya chini ya ardhi ingemeza fedha nyingi zaidi kwa kila kilomita. Lagos ilionyesha 2008 kwamba inawezekana hata kwa bei ya chini zaidi, kilomita 22 kwa wastani wa dola milioni 1.7 kwa kilomita, vizuizi vyepesi vikitenganisha basi na magari. Vituo vyake havina uzuri wa vya Kimara, lakini basi lilitembea.

Akiuliza mwenye mtaji anayetaka kununua mabasi na kuyaendesha, jibu ni hapana, kwa mkataba wa aina ile ya kwanza. Faida kubwa ya mradi, zile saa 60 za dada wa Korogwe, hewa isiyo na moshi, magari yaliyobaki nyumbani, haipiti kwenye geti la tiketi. Inaingia mfukoni mwa jiji zima. Ukimwambia mtoa huduma ajilipe kwa nauli peke yake, na nauli hiyo ukaishikilia chini kwa sababu nzuri kabisa ya kumlinda mnyonge, umemwomba alipe tofauti. Atalipa kwa njia moja tu: hatanunua basi linalofuata.

Njia ya kutoka inajulikana, na Bogotá imekuwa ikiitumia tangu 2000: mwenye mabasi analipwa kwa kilomita alizotembeza na kwa huduma aliyotoa, siyo kwa vichwa alivyobana mlangoni. Nauli inakusanywa na mkono mwingine, inaingia kwenye mfuko, na siku hizi mfuko ukipungua serikali inajaza. Watu wanaliogopa neno ruzuku. Lakini deni la zege tayari ni ruzuku, na ni kubwa, na linalipwa hata siku ambayo hakuna basi lililopita juu yake. Shilingi inayoongezwa kwenye vipuri ndiyo inayoifanya shilingi iliyomwagwa kwenye zege izae. Kuinyima pesa ndogo ili kulinda pesa kubwa ni hesabu ambayo Mbagala imeilipia kwa miaka ya kusimama kwenye foleni.

Kwa hiyo nikisoma habari za awamu ya tatu, ile ya Gongo la Mboto kupitia Barabara ya Nyerere, au ya nne kuelekea Tegeta, sitazami tena asilimia ya ujenzi. Natafuta mambo mengine. Mkataba wa mabasi umesainiwa kabla zege halijakauka? Mtoa huduma ni mmoja au wako wawili, ili mmoja akikwama mwingine awepo? Karakana iko wapi, na maji ya mvua za masika yanapita wapi? Anayelipa kilomita ni nani, na fungu lake liko kwenye bajeti ya mwaka gani? Nauli inapitiwa upya kila baada ya muda gani dola inapopanda?

Kuna mtu Gongo la Mboto anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri ili awahi zamu bandarini. Barabara yake inajengwa. Basi lake, hadi liandikwe kwenye mkataba na vipuri vyake vipewe fungu, bado halijajengwa.